Mtani Halisi wa Stendi ya Korogwe

Mchana, kabla mabasi ya Moshi na Arusha hayajafika, Bi Mwantumu alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye kigoda nyuma ya mgahawa wake, sinia mapajani, akichambua mchele. Mgahawa ulikuwa wa mbao na mabati, kando ya stendi ya Korogwe, upande unaotazama milima ya Usambara. Kwa miaka mingi hakuna dereva wala utingo aliyesimama hapo akaondoka bila kuonja wali wake. Jumanne moja alichambua mchele wa sufuria kubwa, akaupika, akaufunika, akasubiri. Hakuja mteja yeyote isipokuwa mtu mmoja asiye na uso.

Mtu huyo alipiga hodi, akavua kandambili mlangoni ingawa sakafu ilikuwa ya udongo, akakaa mwisho wa benchi. Alikuwa na shati la mitumba na suruali ya kadeti iliyonyooshwa vizuri. Kuanzia mabegani kwenda juu alikuwa wa rangi ya majivu, rangi moja tu, bila macho, bila pua, bila mdomo, kama inavyokuwa kwenye kompyuta kwa mtu ambaye hajaweka picha yake. Bi Mwantumu alimnawisha mikono, akampakulia wali na maharage. Kwao Sindeni mgeni haulizwi jina kabla hajala, basi naye hakuuliza. Mgeni alikula kwa utulivu. Tonge lilifika kwenye ule ujivu na likawa halipo tena. Aliposhiba ndipo Bi Mwantumu akamuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwa adabu kwamba anaitwa Mtani Halisi.

Bi Mwantumu alilijua jina hilo. Ndilo lililomfukuzia wateja.

Mambo yalianza pale Yordani alipofungua intaneti. Ilikuwa miaka ile soko huria limeshakolea. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameuzwa, wafanyakazi wamepunguzwa, na duka la ushirika limekufa kiasi kwamba popo walikuwa wameshahamia. Yordani, mwalimu aliyeacha chaki akasema anataka kuwa mfanyabiashara, alipanga chumba hicho cha ushirika, akafukuza popo, akaweka kompyuta chakavu zilizotoka Dubai. Kila kompyuta aliijengea kibanda chake cha plaiwudi ili mtu asichunguliwe na jirani. Watu walikwenda kutazama matokeo ya mitihani na kuwaandikia ndugu walio mbali, na Yordani alisifiwa kwa kuleta maendeleo.

Baadaye kijana mmoja wa Handeni anayesoma Dar es Salaam akaanzisha ukurasa wa watu wa Handeni na Korogwe popote walipo, akauita Kibaraza. Haukuwa na masharti. Kulikuwa na kisanduku cha jina, unaandika jina, na chini yake kisanduku cha maneno, unaandika maneno. Mwanzoni watu waliandika majina yao kamili pamoja na ya baba zao, wakasalimiana mno. Ukurasa mzima ulikuwa shikamoo na marahaba, na aliyetaka kujua habari yoyote ilimbidi ashuke chini sana. Halafu mtu mmoja akagundua kwamba kisanduku cha jina kinapokea jina lolote. Salamu zikakoma wiki hiyo hiyo. Watu waliokuwa wakipishana sokoni kwa kuinamishiana vichwa wakaanza kuitana nguruwe, tena bila haraka, kwa herufi kubwa.

Zamu ya Bi Mwantumu ilifika baada ya zamu ya diwani na ya mwalimu wa kwaya. Mtani Halisi aliandika: "Nyie mnaokula kwa Mwantumu wa stendi, mnajua mnakula nini? Yule mama ni mwosha maiti. Maji anayotoka nayo msibani ndiyo anayopikia wali, ndiyo maana hamumwachi."

Kweli alikuwa mwosha maiti. Alifundishwa na shangazi yake tangu ujana, na akina mama wa mtaa wake walipofariki, yeye ndiye aliyeitwa, akaenda na sabuni yake na mikono yake mipole, akarudi bila kudai chochote. Hilo la maji lilikuwa uongo, na uongo wa siku nyingi. Kila mama ntilie anayepata wateja Tanzania hii ameshazushiwa.

Yordani alimwita ofisini, akamsomea yote kwa sauti ya chini, kwa huruma. Alitarajia mama wa watu alie. Bi Mwantumu alicheka mpaka akashika mbavu.

Alicheka kwa sababu ya lile jina. Ukoo wake na ukoo wa Rehani, fundi baiskeli wa pale stendi, walikuwa watani. Inasemekana mababu zao waliwahi kupeana mtoto kwa kikapu cha mtama wakati wa njaa, wakaoneana aibu, na aibu ile wakaimaliza kwa kutukanana vizazi na vizazi. Mtani anakuita mchawi mbele ya wakwe zako na wewe humkasirikii. Anachukua kuku wako akiwa anakutazama. Ukifa, yeye ndiye anayeshika jembe akachimba kaburi, na yeye ndiye anayechekesha wafiwa wasife na wao kwa kilio. Rehani alikuwa amekwisha kumwita Bi Mwantumu mwosha masufuria ya maiti mara nyingi, palepale mgahawani, mdomo umejaa wali wake. Bi Mwantumu aliona basi mzee amejifunza kompyuta.

"Mwanangu Yordani, nijibie," alisema. "Weka na jina langu. Andika: Ndiyo, mtani. Maji ya shangazi yako ndiyo yaliyokunenepesha. Na wewe ukifa nitakupikia pilau, stendi nzima washibe."

Yordani aliandika neno kwa neno. Bi Mwantumu alirudi kwake akicheka njia nzima, akamwekea Rehani ukoko wa wali kwenye bakuli, kwa kuwa matusi mazuri yanastahili ukoko.

Waliosoma hawakuwa watani wake. Walikuwa watu wa Tanga mjini, wa Muheza, wa Dar es Salaam, na wengine walikuwa palepale stendi lakini wamekaa ndani ya plaiwudi. Hakuna aliyeona uso wake unavyocheka. Waliona maneno tu, na chini ya maneno wakaandika kwamba amekiri kwa kinywa chake. Kufikia mwisho wa juma madereva walikuwa wanakula ng'ambo ya barabara, kwa Hosiana.

Hosiana alikuwa Msambaa wa Kerenge, mpika chapati na supu, na rafiki wa Bi Mwantumu tangu wote wawili walipokuwa wanauza chai kwenye ndoo. Miaka yote hiyo, mabasi yakishaondoka, walikuwa wakila pamoja kwenye sinia moja. Sasa alivuka barabara mara moja, akamshika mwenzake bega.

"Pole, mwenzangu. Watu ni wabaya," alisema. "Jikaze tu."

Halafu akarudi haraka kwa sababu wateja wake walikuwa wamejaa. Kula pamoja kukaishia hapo.

Bi Mwantumu alipokwenda kwa Rehani kumwambia kwamba safari hii utani umezidi, mzee alikuwa amegeuza baiskeli magurudumu juu, anatafuta tundu kwenye tyubu. Alinyanyua kichwa.

"Mimi?" alisema. "Mimi nikitaka kukutukana, we bibi wa makaburini, nakuja kwako. Nakaa kwenye benchi lako, nakula chakula chako, ndiyo nakutukana. Nikakutukanie kwenye kioo, kwani tuna ugomvi?"

Ndipo Bi Mwantumu alipojua kwamba aliyemwandika si mtani wake. Rehani alinawa mafuta, akaenda kwa Yordani na kandambili zake, akaomba aandikiwe kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake kwamba yeye ndiye mtani wa Mwantumu, kwamba huyo mwingine hamjui, na kwamba wali wa Mwantumu ni safi ingawa mpishi ni mbaya wa sura. Majibu yalifika kabla hajatoka mlangoni. Mmoja aliandika: "Mwantumu, acha kujifanya Rehani." Mwingine aliuliza ni mtu gani mwenye akili anayeandika humu kwa jina lake la kweli, akahitimisha kwamba basi hilo ni la uongo. Kesho yake Rehani alikwenda kula kwenye benchi la nje, mbele za watu, kwa kelele. Watu walimwonea huruma, wakasema maji yameshamkolea.

Masika ya mwaka huo ndipo wale wasio na nyuso walipoanza kushuka stendi. Hawakuwa na mizigo. Walishuka kwenye basi lolote, wakauliza njia kwa heshima, na kila mmoja akaenda kwenye nyumba ya mtu aliyetukanwa Kibarazani kwa jina la mgeni huyo. Mmoja alikaa barazani kwa diwani. Mwingine alikwenda kwa mwalimu wa kwaya, na inasemekana sauti yake ya tatu ilikuwa nzuri. Mji haukushtuka. Ulikuwa umeshapokea nguo za wazungu waliokufa, simu za Kichina zinazopiga kelele zenyewe, na wawekezaji. Mwenyekiti wa mtaa alisema tu kwamba wasilale kwenye mabanda ya soko, nao hawakulala.

Hivyo ndivyo Mtani Halisi alivyokuja kukaa kwenye benchi la Bi Mwantumu. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na zote zilizofuata. Bi Mwantumu angeweza kumfukuza, na wapo waliowafukuza wa kwao kwa ufagio. Lakini wali ulikuwa umeshapikwa na hakukuwa na mwingine wa kuula. Mgeni mwenyewe hakuwa na makuu. Alimenya viazi, alichota maji bombani, alipanga vikombe kwa ukubwa. Alipoulizwa kwa nini ameandika vile, aliinamisha ule ujivu.

"Sijui kuandika, mama," alisema. "Mimi nikiamka naona nimeshasema."

Bi Mwantumu aligundua haraka jinsi ya kumsoma. Siku ambayo maneno mapya yametokea Kibarazani, mgeni alikuja amenenepa, vifungo vya shati vimebana, na hamu ya kula imeongezeka. Maneno yakipungua, mkanda ulilegea. Hakuwa na haja tena ya kwenda kusomewa na Yordani. Alitazama tumbo la mgeni, akajua kilichoandikwa kwa kadiri ya kutosha, akapakua.

Rehani alipomkuta pale mara ya kwanza alifurahi, kwa kuwa alikuwa na siku nyingi hajapata mtu mpya wa kutukana. Alimwita chungu kilichosahauliwa motoni. Alimwita kitako cha sufuria. Alimwuliza kama mama yake alimzaa gizani akasahau kummalizia. Mgeni aliendelea kula. Rehani akasogeza sahani yake mbali.

"Huyu si mtani," alimwambia Bi Mwantumu. "Mtu wa kumtukana mwenzie lazima awe na bibi, ili na bibi yake atukanwe. Huyu hana. Nikitupa tusi haliangukii popote."

Rehani alikuwa mtu pekee aliyekuwa akija. Hosiana alikuwa akipunga mkono kutoka ng'ambo kila asubuhi, na kila asubuhi Bi Mwantumu alimpungia. Ila mkono hauketi ukala nawe. Hata misiba iliacha kumwita. Mama mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwake alifariki, mama ambaye walikuwa wakiazimana kinu, na Bi Mwantumu aliandaa sabuni yake, akakaa mlangoni amejifunga khanga, akasubiri kuitwa. Waliita mwanamke wa mbali. Alisikia kilio, akasikia maji yanavyomwagwa, na hakutoka. Upweke ule ulimkaa kifuani hasa, kama alivyokuwa akisema mwenyewe baadaye, mahali pale pale mkate mkavu unapokwama.

Kipupwe kilipoingia Rehani aliugua homa, na kabla watu hawajafikiria kumpeleka hospitali kubwa akawa amefariki. Ndugu walimchukua kwenda kumzika Sindeni. Bi Mwantumu alilia peke yake jikoni, akalia vizuri mpaka akamaliza, kisha akafuta machozi kwa sababu alikuwa na kazi. Mtani halii msibani. Mtani anachekesha. Alichukua kofia ya Rehani aliyoiacha mgahawani na pampu yake ya baiskeli, akapanda basi la Handeni. Basi lilijaa, watu wakasimama, na kiti cha pembeni yake kikabaki wazi mpaka Mtani Halisi alipokikalia. Ndiye aliyembebea furushi.

Uani kwa marehemu Bi Mwantumu alivaa kofia, akainama mgongo kama Rehani alivyokuwa akiinama, akajipenyeza katikati ya waliaji na pampu mkononi.

"Nyamazeni nyie!" alisema. "Mnamlilia nani? Huyu hajafa, ana pancha! Nipisheni nimpige pampu!"

Rehani angesikia angecheka mpaka aanguke. Alikuwa amelisubiri tusi zuri kama hilo maisha yake yote. Lakini uani pale hakuna aliyecheka. Akina mama walivuta watoto, wakawafunika kwa khanga. Nyuma ya nyumba, kwenye kishimo yalikomwagwa maji ya kuoshea marehemu, wanaume wawili walikuwa wamesimama na mapanga, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye. Dada yake Rehani, aliyecheza naye utotoni na aliyewahi kumwibia embe na kuitwa mwizi mpaka leo, alimkaribia, akasimama hatua kadhaa mbali naye.

"Mwantumu," alisema. "Kaa huko nyuma. Tafadhali."

Hilo neno tafadhali ndilo lililomuumiza. Watani hawaambiani tafadhali.

Mtani Halisi alikuwa amesimama karibu na jeneza, mnene, amenawiri, maana habari ya msiba ilikuwa imeshafika Kibarazani na mengi yalikuwa yameandikwa. Alimsogelea Bi Mwantumu, akamvua ile kofia taratibu kama anayemvua mtoto, akajiwekea kwenye ujivu wake. Akachukua pampu. Akasema maneno yale yale, kwamba huyu hajafa, ana pancha, apishwe ampige pampu.

Watu walicheka. Walicheka mpaka wafiwa wakafuta machozi mengine juu ya machozi, na wazee wakasema kweli huyu ndiye mtani. Alizuia jeneza lisitoke mpaka wakamlipa kuku. Aliingia kaburini akajilaza, akasema pamebana. Hakuna aliyeuliza ni wa ukoo gani. Kwa kuwa hakuwa mtoto wa mtu yeyote, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwogopa. Bi Mwantumu alikaa nyuma ya banda la jiko, ambako hakupewa hata kitunguu cha kumenya, akasikia kila kicheko. Alitamani Rehani ainuke awatukane wote, ukoo kwa ukoo.

Kesho yake, Korogwe, Mtani Halisi aliingia mgahawani saa za chakula na kuku wake kwapani, akampa Bi Mwantumu. Bi Mwantumu hakuwa na nguvu ya kukataa. Alimchinjisha kwa jirani, akamuunga na ngogwe, hizi nyanya chungu alizozipenda tangu utotoni kuliko nyama yenyewe. Kwa kuwa walikuwa wawili tu, hakuona sababu ya kuchafua sahani mbili. Aliweka sinia moja, wakala.

Mgeni alikuwa na namna ya kula. Kila tonge lake lilipokutana na ngogwe, aliisukuma kwa mgongo wa kidole, akaisogeza upande wa Bi Mwantumu, moja baada ya nyingine, bila kusema, kama jambo lililokubaliwa zamani. Hakuzipenda, na alijua nani anazipenda.

Bi Mwantumu aliacha kutafuna. Kidole kile alikuwa amekiona miaka yote, ila kwenye mkono mwingine.

Aliinuka, akavuka barabara na mchuzi mkononi. Hosiana alikuwa kwenye jiko lake, anageuza chapati, benchi zote zimejaa madereva.

"Hosiana. Ni wewe."

"Ni mimi nini, mwenzangu?"

"Unayeandika."

Hosiana alitazama ng'ambo. Mtani Halisi alikuwa ameketi wima kwenye benchi, anamsubiri mwenyeji arudi ndipo aendelee kula.

"Aliyeandika si yule pale?" alisema Hosiana. "Ana jina lake, ana tumbo lake, na unamlisha mwenyewe kila siku. Mimi nimekukosea nini? Nilishawahi kukuambia neno baya, mimi?"

"Hujawahi."

"Basi."

Madereva waliokuwa wanakula walikubali kwamba hapo Hosiana amesema kweli. Aliyeandika alikuwa yule, kila mtu alimwona, na tena alikuwa ameitwa kwa jina lake mbele ya kadamnasi kule Sindeni. Bi Mwantumu alifuta mchuzi mkononi kwa khanga.

"Hata kama ni wewe," alisema mwishoni, "rudi tule. Nimepika ngogwe. Nazila peke yangu."

Chapati ilikuwa inaungua upande mmoja. Hosiana aliigeuza kwa vidole, akaunguza kidole, akakitia mdomoni.

"Nitakuja, mwenzangu," alisema bila kumtazama. "Nikipata nafasi."

Labda Hosiana aliona haya. Labda hapakuwa tena na mteja wa kumchukua. Kwa vyovyote, kuanzia siku hiyo Mtani Halisi alianza kukonda. Shati lilimpwaya, halafu mkanda ukazunguka mara mbili. Alijitahidi kuchota maji lakini ndoo ilimshinda, na Bi Mwantumu akamwambia aache, akae tu. Alimpikia uji wa lishe, akamwekea na samli aliyoletewa na wafugaji wa Mazingara. Haukusaidia kitu. Siku moja mabasi yalipopita, Bi Mwantumu aliyaona kupitia kifua chake. Kesho yake kandambili zilikuwa mlangoni na mgeni hakuwepo. Kesho kutwa kandambili nazo hazikuwepo.

Mji uliendelea na mambo yake. Kibaraza kilikuwa kimehamia kwa watu wengine, mganga wa zahanati moja na binti aliyechumbiwa, na wageni wengine wa majivu walishuka, wakauliza njia kwa heshima. Bi Mwantumu alisimama mlangoni kila basi lilipofika, akatazama kama kuna anayekuja upande wake. Walimsalimia wakapita. Wateja hawakurudi, kwa kuwa hata jambo lisiposemwa tena linakuwa bado limesemwa. Hosiana alipunga mkono kila asubuhi. Bi Mwantumu alipika wali, akaula baridi, akaukausha uliobaki juani, akajikuta anazungumza na sufuria, na sufuria ni sufuria. Alikuwa na njaa ya mtu, njaa iliyomfanya asitafute tena kujua mtu huyo ni wa namna gani.

Alhamisi moja jioni alijitanda khanga yake nzuri, akaenda kwa Yordani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kibanda."

"Nikuandikie?"

"Nitaandika mwenyewe."

Yordani alimfungulia Kibaraza, akamvutia kiti, akamwachia. Ndani ya plaiwudi palikuwa na joto la mtu aliyetoka. Bi Mwantumu alitafuta herufi kwa kidole kimoja, na kwenye kisanduku cha jina akaandika Mtani Halisi. Kisha akaanza kumwandika Mwantumu wa stendi. Alianza na maji ya maiti, kwa kuwa ndilo alilolijua. Akaandika kwamba wali wake una mchanga. Akaandika kwamba ndiye aliyemuua Rehani kwa chakula, na hapo mkono ulisita, akafuta machozi, akaliacha neno lilivyo. Akaandika kwamba ana roho mbaya, kwamba ndiyo maana hana mtu, kwamba akifa atakosa wa kumwosha. Kila neno lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia.

Nje watu wa zamu iliyofuata walikuwa wameshapanga foleni. Yordani aligonga plaiwudi kwa upole, akauliza kama mama amemaliza.

"Bado kidogo, mwanangu," alisema Bi Mwantumu. "Yule ni mlaji."